Nyumba ya Mirathi na Ada ya Chuo Kikuu



Kazi yetu ni kusomesha watoto katika chuo cha Kurani, na kwa kuwa twajua kuandika hati iliyonyooka, watu wa mtaa hutuita wanapotaka kuuziana, kukopeshana au kugawana mirathi. Ndivyo tulivyoitwa, miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, katika nyumba moja ya mawe ya mtaa wa kale. Tuliambiwa twende na kalamu na karatasi, kwani nyumba ile yauzwa.

Mwenye nyumba alikwisha fariki. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Huyo mtoto wa kiume tulimsomesha sisi wenyewe tangu alifu mpaka akakhitimu. Kisha akaendelea na skuli, akafaulu, akapata digirii ya kwanza ya uhandisi wa umeme. Siku ile alikuwa na barua mkononi kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani, imemkubali kusoma digirii ya pili. Mama yake alikuwa akilia kwa furaha. Wajomba walikwisha mpata mnunuzi. Na dalali aliyemtafutia kijana nafasi ile alikuwapo pia, akihimiza kwamba siku zimebaki chache.

Tuliomba tuione barua. Elimu yetu ya skuli iliishia madarasa ya msingi, na Kiingereza chetu ni cha kuokoteza. Lakini tarakimu ni tarakimu. Chini ya maneno ya pongezi palikuwa na hisabu: ada ya mwaka, chakula na malazi, bima ya afya, na vitabu. Jumla yake ilipita dola 58,000 kwa mwaka mmoja, na masomo ni ya miaka miwili. Bei ya nyumba, tulipoigeuza kwa dola, haikufika hata ile ya mwaka wa kwanza.

Hapo binti mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa, akasema: “Maalim, na saba zangu mimi nitazipata wapi?”

Hakuna aliyemjibu. Kalamu tukaiweka chini.

Hisabu ya nyumba

Binti yule alijifunza faraidhi kwetu, na alijua alisemalo. Mtu akifa akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mali yake, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, huweza kugawanywa mafungu 32. Mke hupata thumni, nayo ni mafungu 4. Yanayobaki ni 28: mtoto wa kiume hupata 14, na kila binti hupata 7. Basi nyumba ile haikuwa ya kijana. Mafungu 14 ndiyo yake. 18 ni ya mama yake na ndugu zake. Kuiuza yote kwa ajili ya masomo yake ni kutumia mali ya watu watatu ambao wawili wao hawakuulizwa hata neno moja.

Mtu anaweza kusema: ndugu husaidiana. Naam, husaidiana, na mwenye fungu akilitoa kwa ridhaa yake hapana wa kumzuia. Lakini ridhaa ya binti anayeambiwa mbele ya wajomba na mnunuzi si ridhaa, ni haya. Basi tuliwaomba wenyewe watupe siku kumi kabla ya hati kuandikwa. Dalali hakupendezwa. Mama akakubali.

Katika siku zile kumi tuliwatafuta wenye kujua. Tulimpata bwana mmoja wa mji wetu anayesomesha uhandisi katika chuo kikuu cha ng’ambo, aliyekuja likizo kumzuru mzazi wake. Na wengine tuliwaandikia. Yale waliyotufunza, na mengine tuliyoyahakikisha baadaye, ndiyo tunayowaletea hapa, kwani tunajua kwamba nyumba ile si ya kwanza kuletewa mnunuzi kwa sababu ya barua ya chuo, wala haitakuwa ya mwisho.

Barua mbili

Jambo la kwanza tulilofunzwa ni kwamba chuo kikuu kina barua mbili, na watu wengi hawajui ila moja. Barua ya kwanza ni ya kukubaliwa. Hiyo yasema: elimu yako yatosha, waweza kuja kusoma kwetu. Barua ya pili ni ya fedha. Hiyo yasema: tutakulipia ada kadha, na tutakupa posho ya kadha kila mwezi, kwa muda wa kadha, na kazi utakayotufanyia ni hii. Mara nyingine barua zote mbili huwa katika karatasi moja. Mara nyingine ya pili haiji kabisa. Aliyepata ya kwanza bila ya ya pili ameonyeshwa duka, hajapewa bidhaa.

Jambo la pili ni kwamba katika uhandisi digirii za juu ni za namna mbili. Iko digirii ya pili ya madarasa, ambayo mwanafunzi husikiliza masomo, hufanya mitihani, na baada ya mwaka mmoja au miwili hutoka. Hiyo, katika Marekani na Uingereza, vyuo vingi huiuza, na mgeni huinunua kwa bei kubwa. Na iko digirii ya utafiti, khasa ile ya udaktari, ambayo mwanafunzi huingia maabara, akafanya kazi chini ya profesa katika jambo ambalo serikali au kampuni imelitolea fedha lichunguzwe. Huyu hanunui; huyu huajiriwa. Katika vyuo vikuu vya utafiti vya Marekani, desturi ni kwamba mwanafunzi wa udaktari wa uhandisi husamehewa ada au hulipiwa, na hupewa posho ya kuishi. Kazi yake huwa msaidizi wa utafiti au msaidizi wa kufundisha, aghlabu kwa kiasi cha masaa 20 kwa juma.

Tena kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Katika vyuo vingi vya Marekani, mwenye digirii ya kwanza nzuri huweza kuomba moja kwa moja kuingia udaktari, bila ya kununua kwanza digirii ya pili. Njia ni ndefu, takriban miaka 5 au zaidi, lakini mlango wake una mshahara.

Tulipolisikia hilo tulimfikiria mama wa watu na nyumba yake. Alikuwa yu tayari kuuza urithi wa watoto wake kwa kununua miaka miwili, ilhali katika jengo lile lile, pengine chumba cha pili yake, yuko kijana wa India au wa Iran au wa Ghana anayelipwa ili asome.

Nchi na desturi zake

Desturi za nchi hazifanani, na mwenye kuomba yampasa azijue. Tutazitaja chache tu.

Marekani ndiyo yenye bei kubwa na ndiyo yenye ajira nyingi za utafiti. Chuo cha MIT, kilicho mashuhuri kwa uhandisi, katika mwaka wa masomo wa 2024–2025 ada yake ilikuwa takriban dola 62,000, kabla ya chakula na malazi. Mgeni hapewi karatasi ya kuombea viza ya masomo mpaka aonyeshe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo, ama zake mwenyewe ama zilizomo katika ile barua ya pili. Na si kila fungu la nchi ile ni la wageni: skolashipu maarufu ya serikali yao inayotolewa na National Science Foundation tangu mwaka 1952 ni kwa raia na wakaazi wa kudumu tu. Skolashipu ya Fulbright, iliyoanza mwaka 1946, iko wazi kwa watu wa nchi zetu. Tena haifai kuficha kwamba mwaka 2025 serikali ya Marekani ilizuia na kupunguza fedha nyingi za utafiti, na vyuo kadha vikapunguza idadi ya wanafunzi wapya wa udaktari. Sharia za viza nazo zimekuwa zikibadilika mara kwa mara, na kila nchi ina hukumu yake. Basi mwombaji aulize ubalozi wenyewe kabla ya kutoa senti.

Uingereza digirii ya pili ni ya mwaka mmoja, lakini ada ya mgeni katika uhandisi hupita pauni 25,000 katika vyuo vingi. Ziko skolashipu za Chevening na za Jumuiya ya Madola, zinazolipa ada, nauli na posho. Chevening humtaka mtu awe amekwisha fanya kazi kiasi cha miaka miwili, na humshurutisha arudi kwao akae miaka miwili baada ya masomo.

Ujerumani ni mlango ambao wengi hawaubishi kwa kudhani kwamba nchi tajiri haina cha bure. Vyuo vikuu vya serikali viliacha kutoza ada kidogo kidogo, na ilipofika mwaka 2014 majimbo yote yalikwisha iondoa. Mwanafunzi hulipa mchango wa muhula tu, ambao huwa yuro mia moja na kitu mpaka mia nne hivi. Lakini msomaji asijidanganye. Yako ya kukumbuka. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wasio wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Chuo kikuu cha ufundi cha Munich kilianza kuwatoza tangu muhula wa baridi wa 2024, na kwa digirii ya pili ni yuro 4,000 au 6,000 kwa muhula. Na kila mgeni anayekwenda kwa fedha zake yampasa aweke benki fedha za kuishi mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, asiyoweza kutoa ila sehemu kwa mwezi. Kiasi kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904, yaani yuro 992 kwa kila mwezi. Fedha hizo ni zake mwenyewe, atazila yeye. Lakini lazima ziwepo kabla ya safari. Mwenye skolashipu ya DAAD, shirika lililoanzishwa mwaka 1925, huepukana na shida hiyo. Na udaktari wa uhandisi nchini humo aghlabu ni kazi yenye mkataba na mshahara.

Saudi Arabia kiko chuo cha KAUST, huko Thuwal kando ya Bahari ya Shamu, kilichofunguliwa mwaka 2009. Chuo hicho ni cha digirii za juu, na kimejulikana kwa kuwalipia ada wanafunzi kinaowakubali, pamoja na kuwapa posho, nyumba na matibabu. Masomo yake ni kwa Kiingereza. Uturuki nayo ina skolashipu za serikali ziitwazo Türkiye Bursları, zinazotoa ada, malazi, posho na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki.

Wala tusiitazame bahari tu tukasahau bara letu. Umoja wa Afrika una chuo kikuu chake, Pan African University, na tawi lake la sayansi na teknolojia limo Juja, karibu na Nairobi, katika chuo cha Jomo Kenyatta. Tawi la maji na nishati liko Tlemcen, Algeria. Waliokubaliwa kwa skolashipu husomeshwa digirii ya pili na ya udaktari, wakapewa posho na nauli, na ushindani wake ni wa Waafrika wa nchi zote. Arusha pia kipo chuo cha Nelson Mandela, kilichoanza kusomesha mwaka 2011, ambacho ni cha digirii za juu za sayansi na uhandisi.

Mkopo na mkopo

Dalali wa siku ile alikuwa na jibu lake. Alisema nyumba isipotosha, ziko kampuni ng’ambo zinazomkopesha mwanafunzi mgeni bila ya mdhamini na bila ya rehani. Ni kweli ziko. Lakini hazikopeshi kwa ajili ya Mungu. Tuseme kijana amekopa dola 40,000 kwa riba ya asilimia 12: mwaka wa kwanza tu zimeongezeka dola 4,800, naye bado yumo darasani, hajapata hata kazi. Zikiachwa zirundikane miaka miwili, deni limepita dola 50,000. Na kama viza ya kazi haikupatikana akarudi nyumbani, atalilipa deni la dola kwa mshahara wa shilingi.

Sisi si watu wa kutoa fatwa. Kwamba riba ni haramu, hilo hata mtoto wa chuoni alijua. Wako wanavyuoni wa zama hizi waliosema juu ya dharura, na masharti yake ni mazito. Mwenye kuona kwamba amefikwa na dharura amuendee mwanachuoni anayemwamini, amweleze hali yake yote, si nusu. Lakini twauliza hivi: dharura ni kufungwa kwa milango yote, na aliyebisha mlango mmoja tu amejuaje kwamba mingine imefungwa?

Mikopo ya serikali zetu nayo yafaa kuisoma masharti yake. Kenya, mkopo wa bodi iliyoundwa mwaka 1995 hutozwa asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa digirii ya kwanza. Tanzania, ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Na aghlabu fedha za bodi hizi huelekezwa kwanza kwa digirii ya kwanza, basi anayetaka ya pili asizitegemee peke yake.

Uko mkopo wa namna nyingine, nao ni wa kheri. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, ilianza mwaka 1983 kuwasomesha vijana wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama wake, nazo Kenya na Tanzania ni miongoni mwa hizo. Utaratibu ulikuwa huu: kwa mwanafunzi fedha ile ni kardhi hasana, deni lisilo na riba, na akisha kazini hulirejesha, lakini halirejeshi Jeddah, hulirejesha katika mfuko wa jamaa zake Waislamu wa nchi yake, ili nao umsomeshe mwingine. Mpango ule ulikuwa wa digirii ya kwanza, na uhandisi na utabibu ndiyo masomo yaliyotangulizwa. Tumeutaja kwa sababu ya ile hekima iliyomo: fedha moja ikasomesha watu wawili, kisha watatu.

Na wala si jambo geni. Madrasa ya Mustansiriyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 631 wa Hijriya, yaani 1234, ilikuwa na wakfu uliowapa wanafunzi malazi, chakula na posho. Wazee wetu hawakungoja baba wa mwanafunzi auze nyumba.

Fedha ya mlangoni

Hapa ndipo penye aibu yetu sisi watu wa mtaa. Tulipouliza sana tulitambua kwamba kijana hodari mara nyingi hakwamishwi na dola 58,000. Hukwamishwa na dola 500. Mtihani wa Kiingereza huweza kupita dola 200. Kila chuo cha Marekani anachokiomba hutaka ada ya maombi, aghlabu baina ya dola 50 na 150, na mwenye busara huomba vyuo visivyopungua sita. Kuna kupeleka nakala za matokeo, kuna ada ya serikali ya Marekani ya kumsajili mwanafunzi mgeni, dola 350, kuna ada ya viza, kuna tikiti ya ndege. Hizo zote hulipwa kabla ya posho ya kwanza. Nani amkopeshe? Msikiti hauna fungu hilo. Harusini zimekwisha toka nyingi kuliko hizo kwa usiku mmoja.

Rai yetu ni kwamba kila mtaa wenye msikiti na watu kumi wenye kazi waanzishe mfuko mdogo wa kardhi hasana kwa kazi hii peke yake. Usijaribu kulipa ada ya chuo, hautaweza. Ulipe fedha ya mlangoni. Kijana akipata barua ya pili na posho ikaanza, arejeshe kidogo kidogo. Asipopata, asamehewe nusu au alipe akipata kazi nyumbani, kama watakavyokubaliana. Na yote yaandikwe, pawepo mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haikuja kuhusu sala wala saumu. Imekuja kuhusu deni na kuliandika. Watu hulisoma hilo kila Ramadhani, kisha hukopeshana kwa mdomo, kisha huhasimiana.

Tena wajue kwamba vyuo vingi humsamehe ada ya maombi mtu aliyeandika kwa adabu akaeleza hali yake. Kuuliza si kuomba sadaka. Na idara nyingi za uhandisi tangu mwaka 2020 zimeacha kuutaka ule mtihani wa GRE, basi asome kwanza masharti ya idara yake asije akalipia asichotakiwa.

Nasaha kwa kijana mwombaji

Anza mapema. Masomo yanayoanza Agosti au Septemba, maombi yake Marekani hufungwa Desemba au Januari iliyotangulia. Aliyeanza kutafuta Machi amechelewa mwaka mzima.

Waandikie maprofesa. Soma kwanza waliyoyaandika, kisha andika barua fupi: mimi ni fulani, nimefanya kazi hii, kazi yako hii nimeisoma, je, una nafasi yenye posho? Wengi hawatajibu. Usivunjike moyo, anayehitajika ni mmoja.

Ikija barua ya pili, uliza mambo matano, na majibu yawe kwa maandishi: ada inalipwa yote au sehemu? Posho ni kiasi gani, na ni kwa miezi 9 au 12? Imeahidiwa kwa miaka mingapi? Bima ya afya nani hulipa? Na fedha ya profesa ikikatika, idara itanifanyia nini? Posho ya mwanafunzi ni ya mtu mmoja mwenye kubana matumizi. Mwenye mke na watoto asifikiri kwamba itawatosha wote, wala asiwaahidi nyumbani kwamba atatuma kila mwezi.

Usiharakishwe. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyeahidiwa msaada wa fedha halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Na anayekwambia, “Lipa kesho ama nafasi imekwenda,” mara nyingi yeye ndiye mwenye haraka. Mfadhili wa kweli hamtaki mtu atume kwanza fedha za “kufungulia skolashipu”. Akikuta hivyo, ajue ni mwizi.

Khatima

Siku ya kumi tulirudi nyumba ile. Kijana, Mwenyezi Mungu ambariki, alikuwa amekwisha fanya hisabu yake mwenyewe. Alimwambia mama yake: “Mama, nyumba isiuzwe. Nitakwenda kwa barua ya pili au sitakwenda.” Dalali akaondoka bila ya kuaga. Wajomba walituona sisi wabaya kwa muda wa miezi kadha, nasi tuliivumilia.

Haikuwa rahisi, wala hatutawapambia. Mwaka wa kwanza aliomba mahala tisa. Saba walimkataa, mmoja alimkubali bila ya fedha, na wa tisa hakujibu mpaka leo. Mama yake alikuja kwetu akatuuliza kwa upole kama hatukumharibia mwanawe bahati yake. Hatukuwa na jibu ila kumwambia asubiri, na usiku ule hatukulala vizuri. Kijana alifanya kazi ya kufunga sola vijijini, akaandika upya maombi yake, na mwaka wa pili akapata nafasi ya digirii ya pili yenye skolashipu, hapa hapa Afrika. Alipoimaliza, kazi yake ile ya utafiti ndiyo iliyompeleka ng’ambo kwenye udaktari, kwa mkataba na mshahara.

Nyumba ingali yao. Chumba cha mbele wamekipangisha kuwa duka, na kodi yake, kwa ridhaa ya wote wanne na kwa hati tuliyoiandika kwa mkono wetu, ndiyo inayomlipia ada binti yule mdogo, ambaye sasa yuko mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi. Tulipokutana naye njiani juzi, tulimuuliza kwa mzaha zile saba zake ziko wapi. Akacheka, akasema: “Nazisoma, Maalim.”

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awape wazazi subira ya kuibisha yote kabla ya kuuza paa walilofunikwa nalo. Amin.